Dizeli yenye msamaha itiwe rangi tuione



Naomba unipatie nafasi katika gazeti lako ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo linalotuhusu sana sisi watu wa Shinyanga na wenzetu wa Kahama na Geita, nalo ni mafuta ya dizeli. Sitaki kuzungumzia bei, maana hiyo hutangazwa kila mwezi na EWURA na kila mtu huisoma. Nataka kuzungumzia aina za dizeli, nani anaruhusiwa na sheria kutumia ipi, na kwa nini mwananchi wa kawaida hana njia ya kuitambua dizeli anayouziwa.

Mimi ni fundi wa mashine za dizeli hapa Ibadakuli, katika Manispaa ya Shinyanga. Kwetu kuna uwanja wa ndege na kuna kituo kikubwa cha kupoza umeme ambacho minara yake huonekana toka mbali. Mgeni anaweza kudhani kwamba mahali kama hapa dizeli haina kazi tena. Sivyo. Ukitoka kidogo tu kwenda vijijini utakuta mashine za kusaga, pampu za kuvutia maji majarubani, matrekta, na huko kwenye maduara ya dhahabu utakuta makarasha na pampu za wachimbaji wadogo. Vyote hivyo vinakunywa dizeli kuanzia asubuhi hadi jioni. Dizeli ikiwa mbaya, unga hausagwi, mpunga unakauka na duara linajaa maji.

Watu wengi hudhani kwamba dizeli ni dizeli, basi. Ukweli ni kwamba kuna tofauti za namna mbili, na watu huzichanganya. Tofauti ya kwanza ni ya mafuta yenyewe. Tofauti ya pili ni ya sheria. Naomba nizieleze moja moja.

Katika tofauti ya kwanza, iko dizeli ya magari, ambayo ndiyo tunayoijua kwenye vituo. Hiyo ni safi na nyepesi kiasi cha kupita kwenye matundu madogo mno ya nozeli. Iko dizeli ya viwandani, ambayo ni nzito na nyeusi zaidi, iliyokusudiwa injini kubwa zinazozunguka polepole. Halafu yako mafuta mazito, ambayo hayawezi hata kutiririka vizuri mpaka yapashwe moto kwanza. Hayo huchomwa katika matanuri ya viwanda na katika mitambo mikubwa ya kuzalisha umeme. Ukiyatia mafuta ya viwandani katika gari dogo au katika mashine ya kusaga, nozeli zitaziba na moshi utakuwa mweusi kama masizi ya chungu.

Tena kuna suala la salfa. Zamani dizeli iliyotumika katika nchi zetu ilikuwa na salfa nyingi sana, na injini za wakati ule zilivumilia. Mwaka 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kufuata kiwango kipya ambacho kinataka salfa isizidi sehemu 50 katika kila sehemu milioni moja za dizeli. Jambo hili ni jema kwa mapafu ya watu na kwa injini za kisasa, ambazo zina vichujio vya moshi vinavyoharibiwa upesi na salfa. Kwa hiyo dizeli halali ya leo si ile ya miaka ya 1980, hata kama jina ni lile lile.

Tofauti ya pili ndiyo yenye matatizo, kwa sababu haionekani kwa macho wala haisikiki kwa pua. Hii ni tofauti ya kodi. Dizeli inaposhushwa bandarini Dar es Salaam, Tanga au Mtwara, sheria huigawa kwa matumizi yake. Sehemu kubwa ni ya matumizi ya hapa nchini, nayo hutozwa ushuru wa bidhaa, tozo ya barabara na mengineyo. Sehemu nyingine inapita tu kwenda kwa jirani zetu kama Rwanda, Burundi, Kongo na Zambia, nayo haitozwi kodi zetu. Sehemu ya tatu ni ile ya makampuni na miradi iliyopewa msamaha kisheria, na miongoni mwa waliowahi kunufaika sana na msamaha huo ni makampuni makubwa ya migodi.

Mafuta ya sehemu zote tatu yanaweza kuwa yametoka katika meli moja na tangi moja. Injini haiwezi kuyatofautisha. Lakini mtu akichukua dizeli ya kwenda nje, au dizeli ya mgodi yenye msamaha, akaiuza kituoni au barabarani, amefanya kosa la kukwepa kodi. Kosa ni kubwa, kwa kuwa fedha anayotia mfukoni ilikuwa ya kutengenezea barabara na kununulia dawa.

Kwa ajili ya kupambana na magendo haya, mwaka 2010 EWURA ilianzisha utaratibu wa kutia vinasaba katika mafuta. Vinasaba ni kemikali inayotiwa kidogo sana kwenye mafuta yaliyokwisha kulipiwa kodi kwa matumizi ya nchini, kabla hayajaondoka ghalani. Baadaye kazi hiyo ilikabidhiwa Shirika la Viwango, yaani TBS. Mkaguzi akifika kituoni huchota mafuta kidogo na kuyapima kwa kifaa chake. Akikuta vinasaba vimepungua au havipo kabisa, anajua kwamba mafuta hayo yamechanganywa na mafuta ya taa, au ni ya kwenda nje ya nchi, au ni yale ya msamaha. Mwenye kituo huadhibiwa.

Utaratibu huo ni mzuri na ninaupongeza. Kabla yake uchanganyaji ulikuwa umekithiri. Walanguzi walinunua mafuta ya taa, ambayo ushuru wake ulikuwa mdogo kwa sababu yalikuwa taa ya maskini, wakayamimina katika dizeli na kuyauza kwa bei ya dizeli. Waliopata hasara walikuwa wenye magari na mashine. Katika injini ya dizeli, mafuta ndiyo yanayolainisha vyuma vya ndani ya pampu. Mafuta ya taa ni mepesi mno, hayalainishi vya kutosha. Ukifungua pampu iliyonyweshwa mchanganyiko huo utaona mikwaruzo kama iliyopigwa msasa. Pampu ikishafika hapo haitengenezeki kwa urahisi, na kununua mpya ni gharama ambayo inaweza kumfunga kazi mwenye mashine ya kijijini.

Serikali ilichukua hatua nyingine mwaka 2011. Katika bajeti ya mwaka huo ushuru wa bidhaa kwenye mafuta ya taa ulipandishwa kutoka shilingi 52 kwa lita hadi shilingi 400.30, ili bei yake ikaribiane na ya dizeli na mlanguzi asipate faida ya kuchanganya. Wenzetu wa Kenya walifanya jambo linalofanana na hilo mwaka 2018, walipoweka tozo ya shilingi 18 za kwao kwa kila lita ya mafuta ya taa.

Nataka wasomaji wenzangu walitazame jambo hilo kwa makini. Dawa ilifanya kazi, kwa maana mlanguzi aliondolewa faida yake. Lakini nani aliyelipia dawa hiyo? Aliilipia mama wa kijijini aliyekuwa akinunua mafuta ya taa kwa kipimo cha chupa ndogo ili watoto wasome usiku. Yeye hakuwa na lori wala kituo cha mafuta, wala hakuwahi kuchanganya kitu. Alitozwa kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi kumtoza yeye kuliko kumkamata mlanguzi. Nasema hivi si kwa kulaumu, maana wakati ule hali ilikuwa mbaya kweli. Nasema ili tunapotafuta dawa ya magendo ya dizeli tuangalie mzigo unaangukia bega la nani.

Sasa nije kwetu. Kanda yetu ina mambo mawili yanayofanya magendo ya dizeli yawe rahisi kuliko mahali pengine pengi. Jambo la kwanza ni barabara. Magari ya mafuta yanayokwenda Rwanda na Burundi hupita Nzega, Isaka na Kahama. Kila siku dizeli isiyolipiwa kodi yetu inapita mbele ya milango yetu. Jambo la pili ni migodi. Nzega ilipata mgodi mkubwa wa kisasa mwaka 1998, Geita mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009. Migodi ya namna hiyo hunywa dizeli nyingi mno katika malori yake ya shimoni, na mgodi wa Geita kwa miaka mingi ulikuwa ukizalisha hata umeme wake kwa mafuta. Palipo na bahari ya mafuta, vibaba vichache havikosi kuvuja.

Vibaba hivyo ndivyo vinavyotufikia katika madumu. Mtu anakuja na dumu la lita 20, bei yake ni chini ya ile ya kituoni, haulizwi yametoka wapi wala hatoi risiti. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini mwenye mashine ambaye kituo kiko mbali naye, na wateja wamepanga foleni na mahindi yao, hataanza kuchunguza asili ya dumu. Anamimina na kupiga handeli.

Hapo mwananchi huyo amejiingiza katika hatari tatu bila kujua hata moja. Kwanza, huenda dumu lina mafuta ya taa ndani yake, na pampu yake inaanza kufa siku hiyo. Pili, huenda ni dizeli safi kabisa lakini ni ya msamaha au ya kwenda nje, hivyo amenunua mali ya magendo na anaweza kuingia matatani. Tatu, huenda si dizeli bali imechanganyika na petroli, ambayo huwaka upesi kwa cheche ndogo tu. Sote tunakumbuka msiba wa Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, ambapo watu zaidi ya 100 walipoteza maisha baada ya lori la petroli kupinduka na kuwaka moto wakati watu wakichota mafuta. Mafuta si maji. Kuyaweka ndani ya nyumba katika dumu ambalo hujui lina nini ni kulala na nyoka.

Nauliza hivi, Ndugu Mhariri: mwananchi huyo atajuaje? Vinasaba havionekani. Havina rangi wala harufu ambayo mnunuzi anaweza kuitambua. Kifaa cha kupimia yuko nacho mkaguzi, na mkaguzi hawezi kuwa kila kijiji kila siku. Kwa hiyo sheria inamtaka mwananchi asinunue mafuta ya magendo, lakini haijampa jicho la kuyaona.

Wenzetu wa nchi nyingine walifanya tofauti. Uingereza hutia rangi nyekundu katika dizeli iliyopunguziwa kodi, ile inayoruhusiwa kwa kilimo na kazi nyingine chache zilizotajwa na sheria. Ikikutwa katika tangi la gari linalotembea barabarani, mwenye gari ana kesi. Hahitajiki mtaalamu, maana polisi na hata mtoto anaona wekundu. Marekani nayo hutia rangi nyekundu katika dizeli isiyotozwa kodi ya barabara. Angalieni basi tofauti iliyopo. Wao hutia alama mafuta yenye msamaha ili yaonekane yakikimbia. Sisi tunatia alama mafuta yaliyolipiwa kodi, tena alama isiyoonekana, na yale yenye msamaha tunayaacha yafanane na mengine yote.

Maoni yangu ni kwamba dizeli yote inayotolewa kwa msamaha hapa nchini itiwe rangi kabla haijatoka ghalani. Vinasaba viendelee katika mafuta yaliyolipiwa kodi kama ilivyo sasa, ila rangi iongezwe katika yale ya msamaha. Dizeli yenye rangi ikionekana katika dumu huku Ibadakuli, Tinde au Kakola, kila mtu atajua imekimbia kutoka mahali fulani. Mnunuzi atajua, balozi wa nyumba kumi atajua, mgambo atajua. Muuzaji wa madumu hataweza tena kuapa kwamba mafuta yake ni ya kituoni.

Najua yapo majibu yatakayotolewa. Litasemwa kwamba rangi inaweza kuondolewa. Ni kweli. Huko Ireland ya Kaskazini yamekuwako magenge yanayoisafisha dizeli nyekundu kwa asidi na udongo maalumu ili rangi itoke, kisha hutupa takataka zake za sumu mashambani na kando ya barabara. Lakini kazi hiyo inahitaji mtambo, kemikali na mahali pa kujificha. Mwizi wa kibaba, yule anayenyonya lita 40 usiku kutoka katika tangi la lori, hana mtambo huo. Na kwa yule mkubwa mwenye mtambo, vinasaba vitabaki kuwa shahidi, kwa sababu hata akiiondoa rangi hawezi kuvitia vinasaba ambavyo havikuwamo. Rangi iwe kwa ajili ya jicho la mwananchi, vinasaba viwe kwa ajili ya kifaa cha mkaguzi. Kufuli mbili ni bora kuliko moja.

Litasemwa pia kwamba rangi ina gharama. Kila kitu kina gharama. Makampuni yanayopata msamaha yanaokoa fedha nyingi katika kila lita, na sioni ubaya yakibeba gharama ya rangi katika mafuta yao. Ni afadhali hivyo kuliko kumrudia tena mama wa kibatari.

Sasa nina jambo la pili ambalo haliwezi kutenganishwa na hilo, nalo ni haki. Ukiuliza kwa nini mgodi usamehewe tozo ya barabara, jibu unalopewa lina akili ndani yake: lori kubwa la mgodini halitembei katika barabara ya umma. Linashuka shimoni na kupanda, siku zote liko ndani ya uzio. Kwa nini basi dizeli yake ichangie lami ambayo halitaikanyaga?

Nakubali hoja hiyo. Lakini ikiwa ni hoja ya kweli kwa lori la mgodi, ni ya kweli vile vile kwa pampu ya mkulima wa mpunga. Pampu haina magurudumu ya kuendea mjini. Mashine ya kusaga imefungwa kwa boliti katika sakafu ya saruji. Karasha la mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Mwakitolyo halijawahi kuonekana likipita barabara kuu. Hata hivyo watu hawa wote hununua dizeli kituoni kwa bei ile ile ya mwenye basi, na ndani ya bei hiyo imo tozo ya barabara. Mwaka 2021 tozo ya mafuta iliongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini zinazosimamiwa na TARURA. Kwa nyongeza ile peke yake, pampu inayotumia lita 20 kwa siku ilichangia barabara shilingi 2,000 kila siku, nayo imekaa pale pale kando ya bwawa.

Atatokea mtu aseme kwamba mkulima naye ananufaika na barabara, maana mpunga wake husafirishwa na lori. Sawa. Lakini lori hilo linaponunua dizeli hulipa tozo, na mwenye lori humkata mkulima nauli ambayo tozo hiyo imo. Mkulima amekwisha kuilipa mara moja. Kwa nini ailipe mara ya pili kupitia pampu? Tena mgodi nao husafirisha mitambo yake kwa barabara zetu, lakini hilo halikuzuia msamaha kutolewa.

Jambo hili si geni kwa viongozi wetu. Kamati ya Jaji Mark Bomani, iliyoundwa mwaka 2007 na kutoa taarifa yake mwaka 2008, iliigusa misamaha ya mafuta kwa makampuni ya madini, na tangu hapo mjadala haujakoma bungeni wala mitaani. Kwa kawaida mjadala huo huishia kwenye swali moja tu, la kama wakubwa wafutiwe msamaha au waachiwe. Mimi naona swali lingine limesahauliwa, nalo ni kwamba msamaha ufuate nini. Ufuate ukubwa wa kampuni, au ufuate kazi inayofanywa na mafuta? Uingereza ilipoitazama upya sheria yake, kuanzia Aprili 2022 iliwaondolea wajenzi na wachimbaji wa madini haki ya kutumia dizeli nyekundu, lakini wakulima ikawaachia. Yaani walipima kazi, hawakupima kimo cha mtu. Si lazima sisi tuchague kama wao, lakini kipimo chao ni cha kuigwa.

Wapo watakaosema kwamba dizeli ya bei nafuu ikifika kijijini, kesho itauzwa kwa wenye magari na magendo yatazidi. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo maana nimeanza na rangi. Bila rangi, msamaha kwa wadogo ungekuwa kumwaga mafuta katika mchanga. Kukiwa na rangi, jambo linawezekana. Mafuta hayo yasiuzwe kiholela, bali yapitie chama cha ushirika kinachojulikana au chama cha wachimbaji wadogo kilichoandikishwa. Kila mwanachama aandikwe mashine yake na kiasi anachostahili kwa msimu. Daftari liwe wazi kwa kila mwanachama kulikagua, kwa sababu jirani yako ndiye anayejua kama pampu yako imefanya kazi au imelala. Ianzwe kama jaribio katika wilaya mbili au tatu, na likishindwa liachwe.

Wakati tunangoja hayo, yapo ambayo yanaweza kufanywa hata kesho. Kwanza, matokeo ya ukaguzi wa kila kituo cha mafuta yabandikwe katika ofisi ya kata na kwenye kituo chenyewe, kwa Kiswahili chepesi, ili mwananchi ajue kituo kipi kimefaulu na kipi kimeshindwa. Pili, vituo vidogo vya vijijini vihimizwe. EWURA imekwisha kulegeza masharti ya kujenga vituo vya namna hiyo, na hilo ni jambo la kushukuru. Kilichobaki ni halmashauri na vyama vya ushirika kuamka, kwa sababu dumu hufa lenyewe pale kituo kinapokuwa karibu. Tatu, sisi wanunuzi tudai risiti ya pampu kila mara. Risiti ndiyo ushahidi wako wa pekee siku mashine itakapokufa na ukataka kumshitaki aliyekuuzia. Mwenye kununua kwenye dumu hana wa kumshitaki.

Kwa mafundi wenzangu nina neno pia. Mtu akikuletea pampu iliyokwaruzika, usimbadilishie vyuma tu na kuchukua pesa yako. Mwonyeshe mikwaruzo hiyo, mweleze imetoka wapi, na umsihi atoe taarifa kwa wahusika. Tukinyamaza tunakuwa tunakula kutokana na magendo, hata kama hatujauza lita moja.

Sisi tuliokuwa watu wazima miaka ya 1980 tunakumbuka dhiki ya mafuta ya wakati ule, foleni na vibali. Shida ya siku zile ilikuwa kwamba mafuta hayapo. Leo mafuta yapo tele, shida ni kwamba mwananchi hajui anachonunua ni kipi. Hiyo ni shida ndogo zaidi, na haihitaji fedha za kigeni kuimaliza. Inahitaji rangi kidogo, daftari na nia.

Naiomba Wizara ya Nishati, Wizara ya Fedha, EWURA na TBS walitazame pendekezo hili. Kama lina kasoro, watueleze kasoro hiyo katika ukurasa huu huu nasi tutaelewa. Dizeli itoayo maji kwenye jaruba na dizeli ipandishayo mawe kutoka shimoni zinafanya kazi ya aina moja, kwa hiyo zistahili sheria ya aina moja. Na dizeli iliyoibwa ionekane kwamba imeibwa.



Fundi Dizeli,
Ibadakuli, Shinyanga.